Manjano ya Daraja la Kwanza

Jumatatu, 3 Machi

Daktari wa mifugo, binti mwembamba anayevaa buti kubwa kuliko miguu yake, ameniagiza niandike kila siku ndege wangu wamekula nini, mpaka manyoya mapya yatoke. Nikamwambia shule niliiacha pale walipoanza kutufundisha kugawanya, na mwandiko wangu ni wa kuku kuchakura. Akasema, "Chakura hivyo hivyo, babu." Basi nachakura.

Ndege ninao wanne. Watatu ni chiriku wa manjano. Kuna Karani, anayetembea juu ya kijiti kama amebana mafaili kwapani. Kuna Mjane, aliyefiwa na dume lake mwaka jana na hakukosa mlo hata mmoja. Na kuna Kinanda, mwimbaji. Wa nne ni kasuku. Huyo namwita Mheshimiwa, kwa sababu anatukana watu na hakuna wa kumfanya kitu.

Huu ndio msimu wa chiriku kupukutisha manyoya. Kwa sasa wanafanana na godoro lililochanika. Manyoya mapya hutoka kwa rangi ya chakula wanachokula, ndiyo maana sisi wafugaji tunawapa manjano. Masharti ya daktari: manjano kiasi cha kukaa kwenye ncha ya kisu, ndani ya yai la kuchemsha lililopondwa, na chembe ya pilipili manga. Tangawizi ruhusa. Mdalasini kidogo ruhusa. Chumvi, vitunguu vya kila ukoo na parachichi ni marufuku. Moshi wa kikaango marufuku.

"Na manjano yenyewe, babu, nunua mizizi, ukaushe, utwange mwenyewe."

Nikamwambia, binti yangu nimemwoza kwa msaga viungo. Nitwange mwenyewe, sina mkwe mimi?

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Yai, manjano. Manjano nimechota jikoni. Wamekula.

Alhamisi, 6 Machi

Leo niandike habari za nyumba, maana mvua haikatiki na sina pa kwenda kusengenya.

Nakaa kwa binti yangu, chumba cha uani, dirisha linatazama jikoni. Mume wake ana mashine ya kusaga viungo pale sokoni. Ni mtu mkimya kama gunia. Ukimsalimia anaitikia, ukimtania anaitikia vilevile. Mikono yake ya njano, kola ya njano, hata mwimo wa mlango anapoegemea kuvua viatu una alama ya njano. Mimi nilitaka mkwe wa kubishana naye. Nimepewa huyu.

Lakini nisimwonee. Jana usiku wakati wa chakula aliniwekea kopo mbele yangu.

"Baba, hii ya ndege wako. Daraja la kwanza. Siuzi kwa kila mtu."

Nikafungua. Jamani, njano ile! Inakutazama kabla hujaitazama. Akasema ni hiyo hiyo anayoleta nyumbani, kwa ajili ya mtoto.

Mtoto ni mjukuu wangu, ana miaka mitatu. Jina ninalomwita ni Bi Mdogo, kwa kuwa ni mke wangu wa pili na ana madai kuliko wa kwanza, Mungu amrehemu. Msimu wa mvua hukohoa, na mama yake humchemshia maziwa na manjano kila jioni. Mwaka jana hivyo hivyo.

"Mume wangu, nipe pipi."

"Pipi si ulikula jana? Mke gani huyu, mla mali."

"Basi sikupendi."

Akachovya kidole kwenye kopo langu, akalamba, akaenda zake na ulimi wa njano kutafuta mume mwingine.

Jumapili, 9 Machi

Fundi cherehani wa jirani alikuja kukinga mvua barazani. Akamkuta Mheshimiwa anatafuna pilipili kichaa, mbegu na maganda, kama anayekula karanga.

"Mzee, hizi zako si kali?"

"Kali wapi? Huoni ndege anakula?"

Sikumwambia kwamba ndege hawausikii ukali wa pilipili hata kidogo. Daktari alinieleza, nikaihifadhi habari hiyo kwa siku kama ya leo. Fundi akatia moja mdomoni. Machozi, kamasi, akakimbilia mtungi. Mheshimiwa akamwambia, "Mvivu wewe!" Bi Mdogo alicheka mpaka akakaa chini.

Jumatano, 12 Machi

Yai, manjano, pilipili manga. Manyoya ya shingoni kwa Karani yameanza kutoka, njano tupu. Mvua.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua. Karani hataki kula. Bi Mdogo naye kaacha uji nusu. Nimewaambia wote wawili nyumba hii haina chama cha wafanyakazi.

Ijumaa, 21 Machi

Kinyesi cha Karani ni kijani, cha majimaji. Anashuka kwenye kijiti na kukaa chini kabisa, mabawa yamelegea. Nimemfunika kitambaa, nimesogeza tundu mbali na upepo. Nimeongeza manjano kidogo, kwani si dawa? Mheshimiwa yeye hagusi yai wala manjano; pilipili zake na mahindi yake, na afya kama mwizi.

Jumapili, 23 Machi

Bi Mdogo analia tumbo. Choo hakipati. Mama yake kampa papai, kampa mafuta ya nazi, hakuna. Nilipomtania kwamba amemeza jiwe, aliniuma kidole. Hajawahi kuniuma.

Jumanne, 25 Machi

Karani amekufa. Nilimkuta asubuhi kwenye mchanga wa tundu, vidole vimekunjwa. Manyoya yake mapya yalikuwa yamekamilika. Sijapata kuwa na ndege mzuri kama huyo maiti.

Alhamisi, 27 Machi

Nilimpeleka Karani kwa daktari kwenye kopo la majani ya chai. Akampasua mezani. Mimi nilitazama ukutani, kwenye picha ya ng'ombe na majina ya nyama zake.

"Babu, ndege wako wanadonoa rangi?"

"Rangi gani?"

"Inaonekana kama sumu ya risasi. Si ya bunduki, ni yale madini mazito yanayowekwa kwenye betri za magari. Rangi za zamani zinayo. Tundu lako limepakwa rangi?"

Tundu nimelipaka mwenyewe, kijani, kwa rangi iliyobaki nilipopaka geti la mtu, wala sikumbuki lini. Na Karani alikuwa na tabia ya kunoa mdomo kwenye fito.

Nimerudi nimeyavunja matundu yote na kuyachoma uani. Kuni mbichi, mvua, moshi mtupu. Binti yangu akafungua dirisha la jikoni.

"Baba, unachoma nini?"

"Naichoma ile akili yangu."

"Haitoshi kuwasha moto huo," akasema, akafunga dirisha. Huyo ni mwanangu kweli.

Jumamosi, 29 Machi

Matundu mapya ya mianzi, hayana hata tone la rangi. Nimeyafunga mwenyewe kwa kamba, vidole vyote vina vidonda. Sasa kazi ni kuwasafisha damu waliobaki. Kila mtu anajua kinachosafisha damu ni manjano. Nimewawekea mara mbili ya kipimo.

Binti yangu naye anamwona mtoto amepauka. Kaongeza kwenye maziwa. Tulisimama wawili pale jikoni, kopo moja katikati yetu, kila mmoja na kijiko chake.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua. Kinanda haimbi. Yai, manjano.

Jumamosi, 5 Aprili

Bi Mdogo ameanguka kwenye kizingiti. Jana pia alianguka. Mama yake anasema ni sakafu, kila mtu anaingia na tope. Nimepiga deki mimi mwenyewe. Jioni ameanguka pakavu.

Kumwita "mke wangu" siku hizi ni bure. Anakuwa kama mtu aliyeitwa kutoka mbali.

Jumanne, 8 Aprili

Kinanda amekufa. Kwenye tundu jipya, la mianzi mitupu. Kinyesi kijani. Sielewi. Nimekaa na sielewi.

Jumatano, 9 Aprili

Leo nitaandika yote.

Manjano yalikuwa yanakaribia kwisha. Mvua ilikatika saa za asubuhi, nikaona nikafuate mengine mwenyewe sokoni kuliko kumsubiri mkwe. Mashine ilikuwa inanguruma. Nikakaa kwenye gunia, nikamtazama anavyofanya kazi. Mwenzangu yule yuko radhi umtazame siku nzima, hana aibu wala madaha. Alimwaga mizizi iliyokauka, ikatoka unga. Unga wenyewe ulikuwa wa rangi ya matofali yaliyofifia. Nikasema moyoni, hii si yetu.

Akafungua debe dogo chini ya meza. Akachota kwa kijiko cha kupakulia, akanyunyiza, akachanganya kwa mikono miwili kama anayekanda unga. Na ile njano ikaamka. Ile inayokutazama.

"Mkwe, hicho unachotia ni nini?"

"Rangi, Baba." Hivyo hivyo, kama ningemuuliza saa. "Wateja wanataka yanayong'aa. Mizizi mitupu wanasema imepauka, ya mwaka jana. Sisi wote hapa tunatia."

"Rangi ya nini?"

"Ya unga tu. Yule muuza rangi za ukuta anatuletea. Kidogo tu, Baba. Haina hata harufu."

Nikamwambia anipe lile debe nilishike. Debe lilikuwa dogo, lakini nilipolibeba mkono ulishuka. Hakuna kiungo cha kula chenye uzito huo.

"Na ile ya nyumbani?"

Hapo akatabasamu, mara ya kwanza namwona meno. "Ile ni daraja la kwanza. Ya nyumbani natia zaidi, ipendeze."

Nilitaka kumpiga. Nilitaka kumtukana matusi niliyomfundisha Mheshimiwa na yale niliyojiwekea akiba. Nikaondoka. Mvua ilianza tena njiani, nikakimbia, mimi, mtu ambaye watoto wa mtaani hunipita wakiwa wamechuchumaa.

Nilipofika binti yangu alikuwa amempakata mtoto, kikombe kiko mdomoni. Nikakipiga teke kwa mkono, sijui nisemeje, nilikipiga tu. Maziwa ya njano ukutani.

"Baba! Umerukwa na akili?"

"Usimpe! Hiyo ndiyo iliyoua ndege!"

"Ndege wamekufa kwa rangi ya tundu lako, ulisema mwenyewe!"

"Ni hii! Mumeo anatia rangi!"

Mkwe akaingia nyuma yangu, kalowa, amenifuata mbio. Nikamwambia amweleze mkewe. Akaeleza, taratibu, bila kuficha kitu. Kisha akachukua kopo, akajaza kijiko cha supu, akala. Kavu. Akakohoa unga wa njano. Akala kijiko cha pili.

"Mimi ningempa mwanangu sumu? Baba, mimi?"

Hapo ndipo nilipomwona. Hakuwa anatetea mashine. Alikuwa amesimama anasubiri nimwambie hapana.

Binti yangu akanitazama mimi, akamtazama yeye, na akamchagua yeye. "Baba, ndege ni ndege. Kapumzike." Akaenda kuchemsha maziwa mengine. Nikakaa mbele ya jiko. Nikamwambia atanimwagia mimi kwanza hayo maziwa ya moto. Hakuchemsha. Chakula cha jioni hakikuliwa na mtu.

Alhamisi, 10 Aprili

Asubuhi Bi Mdogo alikakamaa. Macho yakageukia juu, mkono mmoja ukawa unapiga kitanda, unapiga, unapiga. Baba yake alimbeba mpaka barabarani bila viatu.

Ijumaa, 11 Aprili

Hospitali. Benchi la mbao, watu watatu kwenye nafasi ya wawili. Daktari wa watoto alitoka akauliza mtoto anakula nini. Binti yangu akaanza: uji, ndizi, maziwa. Akarudia, maziwa. Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo, hata buti za yule daktari wa mifugo nilikuwa nimezitaja, ndipo mkwe akatoa kopo ndani ya koti. Alikuwa amekuja nalo. Akaliweka mikononi mwa daktari.

"Pimeni hili," akasema. "Nimetengeneza mimi."

Kisha akaenda kusimama kwenye korido, uso ukutani. Nilimchukia sana jana. Leo nimejaribu kuendelea, nimeshindwa.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua. Hajaamka vizuri.

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua. Amefungua macho. Hamtazami mtu.

Jumatano, 23 Aprili

Majibu yametoka huko mbali walikopeleka damu na kopo. Risasi kwenye damu, nyingi. Risasi kwenye kopo, nyingi zaidi. Kuna dawa ya kuikamata na kuitoa kwenye mkojo, wanamchoma sindano. Daktari akasema dawa inatoa iliyo kwenye damu.

"Na iliyoingia kichwani?" nikauliza.

"Mzee, tutaona anavyokua."

Nimeishi miaka mingi kiasi cha kujua sentensi ya namna hiyo inafunika nini.

Jumapili, 4 Mei

Tumerudi naye nyumbani. Anatembea kwa kushika ukuta. Alikuwa na maneno kuliko wakili. Sasa anayo matatu au manne, na anayatoa kwa shida. Nilimwambia, "Mke wangu, pipi hii hapa." Akaishika, akaigeuza, akaiacha idondoke. Halafu akanitazama kwa adabu kama mgeni aliyekosea nyumba.

Binti yangu anapika, anafua, anamwogesha. Hazungumzi na mumewe. Wala na mimi, kwa kuwa nilisema kweli mbele yake akanituma nikapumzike. Hilo hatujaweza kusameheana bado.

Mjane mzima. Manyoya yametoka mabaka mabaka. Nampa mahindi na maji.

Ijumaa, 9 Mei

Jioni, barazani, nilimuuliza mkwe, "Na ile uliyokwisha kuuza?"

Akajitazama kucha. "Imeshaliwa, Baba."

Jumanne, 13 Mei

Mkwe alilipeleka debe la rangi kwa mkubwa wa soko. Mkubwa wa soko akalipokea, akamshukuru, akalisukuma chini ya meza yake. Wasagaji wenzake wameacha kumsalimia. Mmoja kamwambia mkono wa Mungu uliomgusa nyumbani kwake usimfanye awafungie watu riziki.

Jumamosi, 17 Mei

Nimeanza kwenda kukaa naye sokoni. Nasema naenda kukimbia upweke wa uani. Uongo. Binti yangu kajifungia chumbani na mtoto, na mkwe akikaa peke yake pale naogopa atafanya nini.

Anauza mizizi mitupu iliyosagwa. Unga wa rangi ya matofali. Wateja wanaminya, wanapaka kiganjani, wanasema imepauka, wanavuka kwenda meza ya pili. Hajibu. Nimejibu mimi kwa niaba yake mpaka sauti imekauka. Wananiita mzee wa porojo, nami miaka yote nimeishi kwa porojo, sasa nimepata la kweli sina sura ya kulisemea.

Jumatano, 21 Mei

Leo alikuja mama kijana, mtoto mgongoni amefunikwa plastiki kwa mvua. Mtoto anakohoa. Akachukua unga wetu kidogo, akasugua kidole.

"Hii mbona imefifia? Nataka ya kumtilia mtoto kwenye maziwa."

"Mama," mkwe akasema. Ilikuwa mara ya kwanza namsikia akimwanza mteja. "Chukua hii. Ichukue bure."

Mama akacheka. "Bure? Basi ni mbovu kweli."

"Ile nyingine ina sumu. Mwanangu—" Akakwama.

"Ah, ninyi wafanyabiashara," mama akasema, bila ubaya wowote, akavuka.

Nikamfuata. Nikamwambia mimi ni babu yake huyo mtoto, hatembei, hasemi, nenda nyumbani kwetu ukamwone kwa macho yako, mlango wa bluu nyuma ya fundi cherehani. Alinisogezea bega kama anayekwepa mlevi. Mwenye meza ya pili alikuwa ameshaanza kumpimia, beseni pana, njano kama taa. Akaniambia, "Mzee, rudi kwa mkweo mkauze udongo wenu."

Nikalishika beseni ukingoni, nikalipindua.

Lote lilimwagika kwenye tope, na mvua ikaanza kulipeleka mtaroni, mfereji mzima ukawa wa njano. Yule bwana alinikaba shati. Mkwe akaja kati yetu, akapigwa yeye ngumi iliyokuwa yangu, akaipokea kwa utulivu ule ule anaopokelea salamu. Watu walikuja, kelele, matusi, mmoja anasema nipelekwe polisi, mmoja anasema nipelekwe kwa vichaa.

Na katikati ya miguu ya wote nikamwona yule mama. Alikuwa amechuchumaa, kanga ameiinua isiguse maji. Kwa viganja viwili, kwa uangalifu, alikuwa anachota ile njano ya juu, ambayo haijagusa tope.